Filta ya kaboni kwenye maji ya sabuni, nimeitumia Nkuhungu na haya ndo niliyoyaona

Jamani habari zenu, hasa wenzangu wa Dodoma mnaohangaika na maji. Mi nina ofisi ndogo ya udobi Nkuhungu, mashine mbili tu, na nyuma nina matuta ya mchicha na chainizi. Maji ya kusuuzia nilikuwa namwaga ndoo tatu kila siku huku mboga zinanyauka, maana mvua zetu mnazijua, zikikata mwezi wa nne ndo basi mpaka Desemba huko, nikaamua nimwagilie hayohayo. Wiki mbili tu majani yakaanza kuungua pembeni na udongo ukawa unagoma kunywa, maji yanatuama juu na povu lake.

Ndo nikaenda duka moja mjini nikanunua hauzingi ya inchi 10, yaani lile kopo la nje, na katriji ya kaboni inayokaa ndani yake, yaani mkaa maalum wa kuchujia, vyote 63,000. Muuzaji akaniambia "dada hii inatoa kila kitu mpaka chumvi, maji ya kisima yanakuwa kama ya chupa". Hapo alinidanganya na sijapenda kabisa. Nilipitisha maji ya kisima chetu nikayachemsha, ule ukoko mweupe chini ya birika uko palepale. Kaboni haitoi chumvi wala haiui vijidudu, kwaiyo ukitaka kunywa bado unachemsha.

Ila kwa sabuni aisee inafanya kazi. Mdogo wangu anasoma kemia pale UDOM, akanielewesha vizuri, akasema dada huu mkaa haunyonyi kama sponji, uchafu unaganda kwenye kuta za vitundu vyake. Chembe ya sabuni ya unga ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, sasa ule mkia ukikutana na mkaa unang'ang'ania hapo haubanduki. Na kuta zenyewe ni nyingi mno, gramu moja ya kaboni nzuri inafika mita za mraba 1,000, yaani kijiko kimoja cha mezani ukikikunjua unapata kama uwanja mzima wa mpira pale Jamhuri. Nikamuuliza sasa si tutwange tu mkaa wetu wa kupikia? Tukajaribu kweli, povu likapungua kidogo sana. Huu wa kuchujia, mara nyingi wa vifuu vya nazi, unapigwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi ndo vile vitundu vinafunguka.

Namna ya kupima ni rahisi, chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza nusu, tikisa sana halafu weka chini uangalie. Maji yangu kabla ya filta povu lilikaa dakika kumi na zaidi limeshika mpaka shingoni. Baada ya filta vilibaki viputo pembeni tu vikapasuka vyote kabla sijamaliza kufunga kifuniko cha ndoo. Lakini hiyo ni baada ya kubana koki maji yatoke kama uzi, ndoo ya lita 20 inachukua karibu saa nzima, maana mara ya kwanza nilifungulia yote kama muuzaji alivyosema na povu likatoka upande wa pili vilevile. Maji yanatakiwa yakae na mkaa kidogo. Na chuja kwanza kwa kitambaa na mchanga, zile nyuzi za nguo ziliniziba katriji siku ya tatu. Maji meusi ya mwanzo msiogope, ni vumbi lake, mwaga mpaka yatakate.

Tatizo kubwa ni kwamba katriji ilijaa siku ya tisa. Siku tisa! Povu likarudi taratibu mpaka likawa kama hakuna filta, na katriji peke yake ni 18,000, kwa udobi hapana, hailipi. Kwa mtu anayetaka kuondoa harufu ya klorini kwenye maji ya bomba hiyo ndogo itamtosha, ila mwenye kazi kama yangu anunue kaboni ya punje kwa kilo. Mi niliagiza kilo 5 zikaja na basi kutoka Dar, nikaweka kwenye ndoo, chini kokoto, juu mchanga, na huu mwezi wa tatu chupa nikiitikisa bado povu halikai. Chainizi zimerudi kijani. Maji ya kufulia yale ya kwanza sipitishi, ni mazito mno, nachuja ya kusuuza tu, na siku moja moja namwagilia maji ya kawaida ili chumvi isijikusanye kwenye udongo.

Kaboni naipa nyota 4, katriji 2 kwa kazi ya udobi, na yule muuzaji arekebishe maneno yake. Mwenye kujua duka hapahapa Dodoma linalouza ya punje kwa kilo aniambie, nauli ya basi inanimaliza.