Kushusha IST ya kwendea kazini: nilichopata kwa laki sita na nusu

Kati ya tairi la mbele na fenda ya Toyota IST yangu, ngumi ilikuwa inapita nzima bila kugusa popote. Gari nalipenda. Ni toleo la NCP61 la mwaka 2004, injini ya 1NZ, rangi ya fedha, na halijawahi kunilaza njiani. Lakini kila nikiliegesha na kugeuka kulitazama, macho yalikuwa yanaishia kwenye ule uwazi. Limesimama kama mtu aliyevaa suruali fupi. Nilitaka likae chini kidogo, basi. Mfukoni nilikuwa na laki tano, na gari hilohilo ndilo linalonitoa Kinyerezi kwenda kazini Posta siku sita za wiki, linampeleka mtoto shule, na Jumapili linambeba mama yangu kwenda kanisani. Gari la pili sina.

Mara ya kwanza nilikata springi. Nalisema mapema kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mmeshaambiwa na fundi yaleyale niliyoambiwa mimi: "Kaka, hiyo kazi ya saa mbili, elfu arobaini tu, gari linalala." Nikakubali. Nilisimama pale pale nikiangalia grainda ikirusha cheche, na pete moja na nusu ya springi ikaanguka mchangani ikiwa bado ya moto. Afadhali hakutumia gesi, maana moto wa gesi unaua ugumu wa chuma cha springi, na baada ya hapo inaweza kukaa chini yenyewe au kukatika. Kisha fundi akairudisha springi kwenye shokapu kwa mikono mitupu, bila chombo cha kubania. Wakati ule nilifurahi kuona kazi inakwenda haraka. Sasa najua kwamba springi inayoingia kwa mkono haina mbano wowote gurudumu likining'inia, kwa hiyo itacheza kwenye kikalio chake kila ukipiga jeki, na kila tairi likidondokea shimoni.

Kuna hesabu ndogo ambayo laiti ningeijua siku ile. Ugumu wa springi unategemea idadi ya pete zinazofanya kazi. Ikiwa na pete tano ukakata moja, zimebaki nne, na ugumu umepanda kwa robo, tano kwa nne. Watu wengi wanaishia hapo na kusema si mbaya, gari litakuwa gumu kidogo. Tatizo lenyewe ni nafasi. Nilipima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda: mbele kulikuwa na sentimita 39.5 kabla, na 33.5 baada. Sentimita sita zimekwenda, na zote zimetoka kwenye ile nafasi ambayo shokapu inaihitaji ili ishuke gari likigonga tuta. Ugumu ukapanda, lakini njia ya kushukia ikabaki fupi mno. Springi haikuwahi kupata muda wa kulipokea tuta. Kilicholipokea ni ule mpira wa kuzuia ulio juu ya shokapu, na nyuma ya mpira ni bodi.

Niliyathibitisha kwa njia ya bei rahisi kuliko zote. Nilichukua kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, nikainua kile kifuniko cha vumbi, nikaifunga kwenye chuma kinachong'aa cha shokapu ya mbele, chini kabisa karibu na sili. Shokapu ikishuka, kamba inasukumwa juu na kuachwa pale ilipofika mwisho. Nilitoka Kinyerezi hadi Segerea na kurudi. Kamba niliikuta imebanwa juu kwenye mpira, imepondeka. Safari moja tu, tena mimi peke yangu garini.

Miezi minne niliishi hivyo. Matuta ya njia ya Tabata nilikuwa nayavuka kwa kukata upande, gurudumu moja moja, huku bodaboda wakinipigia honi nyuma. Zile rasta karibu na shule zilikuwa zinatikisa dashibodi nzima. Mama yangu, ambaye halalamiki ovyo, Jumapili moja alishuka, akashika kiuno, akaniambia taratibu, "Mwanangu, siku hizi gari lako linaniumiza. Nitakuwa napanda daladala." Kauli hiyo sikuisahau. Mwezi uliofuata shokapu ya mbele kushoto ikaanza kuvuja mafuta, ya kulia ikafuata, na nilipozungusha usukani hadi mwisho nikainama kuangalia, matairi ya mbele yalikuwa yamekwisha upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana, ilhali upande wa nje yana kashata nzuri kabisa. Matairi mawili, laki tatu. Ule ukataji wa elfu arobaini nilikuwa nimeulipia tayari karibu mara tisa.

Kuhusu matairi hayo, watu wengi hulaumu kulala kwa gurudumu, yaani sehemu yake ya juu kuingia ndani. Kweli ukishusha gari lenye mfumo wa mbele kama wa IST gurudumu linalala kidogo. Lakini kinachokula tairi haraka zaidi ni mwelekeo: gari likishuka, pembe ya tai rodi (chuma kinachounganisha usukani na gurudumu) inabadilika, na ncha za mbele za matairi zinaacha kuangalia mbele sawasawa. Tairi linaburuzwa kwa pembeni kila mita ya safari. Hilo linarekebishika kwa alaimenti ya elfu thelathini, ambayo mimi sikuifanya kwa sababu fundi alisema usukani umenyooka, haina haja. Usukani kunyooka hakuonyeshi kwamba matairi yako sawa.

Basi nikaanza upya, na safari hii nilianza na shokapu. Neno langu kubwa kwa mwenye bajeti ndogo ni hilo: laki ya kwanza ipeleke kwenye shokapu, springi zifuate. Shokapu iliyochoka chini ya springi fupi ni gari linalodunda, na kwa gari la miaka ishirini lililotembea Japani na kisha Dar, shokapu zake za zamani zimechoka hata kama hazivuji. Nilinunua mpya nne, wastani wa elfu themanini na tano kila moja, za kiwango cha kawaida, si za mashindano. Kwa mshuko wa sentimita tatu hadi nne zinatosha. Ukitaka kushuka zaidi ya hapo unahitaji shokapu fupi maalum, na bajeti inakuwa nyingine kabisa.

Springi nilizitafuta Gerezani, kwenye mitumba ya spea za Japani. Hapo nilitumia Jumamosi mbili nzima. Muuzaji wa kwanza alinipa seti akisema ni za Vitz na zinaingia IST bila tatizo. Kuingia zinaingia, kwa sababu Vitz ya kwanza, Platz, bB na IST zimejengwa juu ya msingi mmoja. Lakini Vitz ya injini ya 1.0 ni nyepesi kuliko IST kwa zaidi ya kilo mia. Springi iliyotengenezwa kubeba gari hilo jepesi, ukiiweka chini ya IST itazama kuliko ulivyopanga, na utarudi kulekule kwenye mpira wa kuzuia. Nikaziacha. Wa pili alikuwa na springi za kijani, akasema ni za Tein, kampuni ya Japani ya springi na shokapu. Inawezekana kabisa, Tein wanapaka kijani, lakini kijani hata mimi nina kopo lake nyumbani. Niliomba nione namba iliyochapwa kwenye springi. Haikuwepo.

Nilizochukua ni za kushushia, zilitolewa kwenye bB, namba zinasomeka, seti ya nne kwa laki moja na elfu themanini. Kabla ya kulipa nilizisimamisha mbili za mbele kwenye meza ya muuzaji, bega kwa bega, nikaweka rula juu. Zilikuwa sawa. Kama moja ingekuwa fupi hata kwa nusu sentimita, ningejua imechoka na gari lingekaa upande. Nilipitisha kidole kwenye kila pete kutafuta ufa na kutu iliyochimba. Kutu ya juu juu haina neno. Kutu iliyoacha vishimo ndiyo hugeuka ufa. Kitu kingine cha kuangalia ni pete za mwisho. Springi ya kiwandani ya kushushia mara nyingi huwa na pete kadhaa zilizokaribiana upande mmoja, ambazo zinabaki zimebana springi kwenye kikalio gurudumu likining'inia. Iliyokatwa haina hizo, na ncha yake ina alama ya grainda. Nilikuta seti mbili za namna hiyo zikiuzwa kama za kiwandani.

Ufungaji ulifanyika gereji nyingine, elfu sabini, na mipira mipya ya kuzuia na vifuniko vya vumbi elfu arobaini. Nyuma ilichukua chini ya saa moja, maana kwenye IST springi ya nyuma imekaa mbali na shokapu. Unaachia shokapu, unashusha ekseli, springi inatoka. Mbele ndiko kwenye kazi na hatari, na pale nilikataa kabisa kuona springi ikifunguliwa bila chombo cha kubania, kwa sababu springi ya kiwandani iliyobanwa ikifyatuka inaua.

Jambo moja nililolisimamia kwa kinywa changu, na fundi akakubali baada ya kubishana kidogo, ni nati za bushi. Aamu za chini (vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele kwenye bodi) na ekseli ya nyuma zimeshikwa na bushi za mpira ambazo hazizunguki, zinajikunja tu. Ukizikaza gari likiwa kwenye jeki, mpira unashika ukiwa kwenye pembe ya gurudumu lililoning'inia. Ukishusha gari, mpira umeshajikunja kabla hujatembea hata mita moja, na kwa gari lililoshushwa mkunjo huo ni mkubwa zaidi. Mpira unachanika ndani ya miezi. Kwa hiyo nati zote zile zililegezwa, gari likawekwa chini kwa magurudumu yake, likatikiswa, ndipo zikakazwa. Dakika ishirini za ziada, hazina gharama yoyote.

Alaimenti sikuifanya siku ile. Nilisubiri wiki mbili springi zikae, kisha nikapima tena: mbele 36, yaani mshuko wa sentimita tatu na nusu, nyuma karibu sawa na hapo. Ndipo nikaenda kwenye mashine. Mbele walirekebisha mwelekeo. Nyuma hakuna cha kurekebisha, ekseli ni kipande kimoja.

Jumla yote ikawa laki sita na elfu sitini: shokapu 340,000, springi 180,000, mpira na vifuniko 40,000, ufundi 70,000, alaimenti 30,000. Imepita laki tano yangu, ndiyo. Nilisubiri miezi miwili kujazia na sijutii kusubiri. Wanaoniuliza kwa nini sikununua koilova, zile shokapu na springi ambazo urefu wake unarekebishwa, jibu ni kwamba za bei yangu zingekuwa za majaribio, na uwezo wa kupandisha na kushusha mimi siuhitaji. Napanga urefu mara moja na kutembea. Mwingine alinishauri niweke matairi madogo tu, 195/50R15 badala ya 185/65R15. Hilo linashusha gari kwa sentimita mbili na robo kwa kweli, lakini uwazi wa fenda unaongezeka badala ya kupungua, spidomita inasoma karibu asilimia nane zaidi ya mwendo wako halisi, na ukuta wa tairi unakuwa mwembamba kwa mashimo yetu. Sikuona faida.

Sasa ni miezi kumi. Kamba ya plastiki nimeifunga tena mara tatu. Nikiwa peke yangu inabaki zaidi ya sentimita mbili chini ya mpira. Tulipokwenda Morogoro watu wanne na mizigo, niliikuta imegusa mpira lakini haijapondeka, na nafikiri iligusa kwenye tuta moja la Chalinze nililolichelewa kuliona. Kwenye kona gari limetulia wazi wazi, halilali upande kama zamani. Matairi ya mbele yanakwisha sawa pande zote, nayapima kila mwezi. Kasoro zipo. Kwenye barabara ya kokoto ya kuingia mtaani kwetu ugumu bado unausikia. Mwezi Aprili, masika yalipojaza maji njia ya kwetu, ilinibidi nigeuze gari mahali ambapo IST nyingine ilipita taratibu mbele yangu. Kwa anayeishi ndani zaidi, Chanika au Goba ya juu, hata sentimita tatu na nusu zingenitia wasiwasi.

Kwenye fenda sasa vinapita vidole vitatu. Mama amerudi kukaa kiti cha mbele. Wiki ijayo nabadilisha bushi za aamu za chini, ambazo zimefikisha kilomita 168,000 bila kuguswa, na nitapima urefu kabla na baada.