Lori la gesi ya samadi: kaskazini litatufaa?

Wadau, karibuni tena, leo niko Arusha. Mnauliza sana: lori la gesi linaweza kututoa kwenye dizeli?

Kwa injini sina ugomvi. Za Scania zinawasha kwa plagi kama petroli. Ya Volvo FH inapuliza dizeli kidogo kuwasha gesi, na kwa milima mimi naipa hiyo.

Ugomvi wangu ni tenki. Gesi iliyoshindiliwa kwa presha ya bar 200 inakula nafasi karibu mara nne ya dizeli yenye nguvu ileile, na tajiri wa lori anataka tani, siyo mitungi. Ya kimiminika inabana zaidi, ila inakaa nyuzi 162 chini ya sifuri. Gari likilala Loliondo siku kadhaa likisubiri mzigo, gesi inapata joto, presha inapanda, inaanza kutolewa nje. Na methani, yaani sehemu ya gesi inayowaka, ikitoroka, kwa miaka 100 inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dioksaidi. Hapo umesafisha nini?

Halafu gesi yenyewe itoke wapi? Bomba la Mtwara linaishia Dar, na ile ni gesi ya ardhini, siyo jadidifu. Yetu ni ya samadi na mabaki ya mashamba. Si jambo geni: CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya kilimo na vijijini hapahapa Arusha, wanajenga mitambo ya biogesi tangu miaka ya 1980. Lakini ile ya jikoni ina methani kama asilimia 60 tu. Ya lori lazima ichujwe kaboni dioksaidi na ile harufu ya yai viza, ndipo ishindiliwe.

Twende hesabu. Semi kwenda Dar, kilomita 640 hivi, tuseme lita 40 kwa kila kilomita 100: lita 256. Lita moja ya dizeli ni kama mita moja ya ujazo ya methani, na kwa kuwa biogesi ghafi ni methani asilimia 60 tu, unahitaji mita za ujazo 427 za hiyo ghafi. Ng'ombe wa ndani mwenye kilo 20 za samadi kwa siku anakupa mita za ujazo 0.8 za hiyo ghafi. Ng'ombe zaidi ya 500, jamani, na hujarudi bado! Mwenye wawili kihambani Machame asidanganywe na mtu.

Ningeanza na magari ya miwa pale Arusha Chini, Moshi: safari fupi, yanalala yadi moja, mabaki ya shamba yapo palepale. Mitungi ya kushindilia inatosha kabisa. Mwenye semi ya Dar abaki na dizeli kwa sasa, ila akague noseli zinazopuliza dizeli na upepo wa matairi.