Kozi ya friji na AC miezi mitatu: maalim yuko vizuri, vifaa ndo mtihani

Nimemaliza kozi ya friji na viyoyozi hapa hapa Unguja, kituo cha binafsi (si Mwanakwerekwe wala Mkokotoni, vile ni vya serikali, msije mkawasingizia watu) na jina silitaji kwa sababu maalim wetu bado yupo pale na mie namuheshimu. Naandika maana kila siku kuna mtu ananiuliza inboksi, yakhe ile kozi ina faida?

Mie nilikuwa fundi wa mtaani miaka sita kabla ya kuingia. Friji ikiletwa nafungua, nasukuma gesi kidogo itoe hewa, najaza, mteja analipa, wiki mbili baadae anarudi na maneno. Nikawa nalaumu kompresa za mtumba. Wiki ya pili maalim akafunga pampu ya vakyumu (ile inayonyonya hewa na unyevu ndani ya mabomba) kwenye friji moja chakavu akatwambia kaeni muangalie mshale wa geji, tukakaa nusu saa kimya kama tunasubiri adhana ya magharibi siku ya Ramadhani. Kumbe unyevu ukibaki ndani unaganda kwenye kile kipaipu chembamba cha kapilari, friji inapoa asubuhi, mchana imekufa. Miaka sita jamani! Hapo tu nikaona ada yangu imerudi.

Sasa vifaa. Watu 19 pampu moja. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R600a, gesi hii inashika moto na inaingia kidogo mno, gramu 50 au 60 hivi, lazima upime kwa mizani, hukisii kama chumvi ya mchuzi. Mizani ipo, haina betri. Tukiuliza tunaambiwa imeombwa, na duka linalouza betri liko mkabala na geti! Wiki ya mwisho ya darasani dada mmoja wa Donge akaja na betri za rimoti ya tivii ya kwao, ndo tukapima.

Fildi, yaani mazoezi ya kazini, tulopata hoteli ni sita tu, mie nikaenda Nungwi, wengine wakaambiwa watafute wenyewe. Kule AC za nje zimeliwa na chumvi ya bahari, mapezi ya kondensa (vile vibati vyembamba vya kutolea joto) ukiyagusa yanavunjika kama biskuti, fundi wa pale anayaosha kwa maji baridi ya bomba kila mara, darasani hilo hatukusikia hata neno. Sheria ya mafunzo ya amali tunayo tokea 2006 na kila hotuba ni vijana na ajira za mahoteli, sawa, lakini fildi ingekuwa nusu ya kozi, si wiki nne za mwisho kwa mwenye bahati. Wenzangu 13 wana cheti sawasawa na changu na AC ya ufukweni hawajaigusa.

Nyota tatu na nusu. Ukienda kujiandikisha uliza kwanza fildi nani anakutafutia, na betri beba zako.