Tawi lako au kukodisha jina? Huduma ya dobi kwa oda za WhatsApp

Bodaboda wako anakusanya nguo Nyali na Bamburi, Mombasa, na sasa wateja wa Likoni, ng'ambo ya kivuko, wanauliza. Foleni ya feri inakula saa za kazi, kwa hiyo ng'ambo lazima kuwe na mashine zake.

Ukifungua tawi, kodi ya duka, mishahara na mashine ni juu yako. Faida yote pia.

Ukimkodishia mtu jina na mfumo, mtaji ni wake. Wewe unapokea ada ya kuanzia na asilimia ya mauzo. Ya mauzo, si ya faida, maana faida hufichwa kirahisi kwenye gharama. Jina lisajiliwe kwanza KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama za biashara: ulinzi wa miaka 10, unaohuishwa. Namba ya WhatsApp na Till ya M-Pesa (namba ya kupokelea malipo) zibaki zako, kisha umtumie fungu lake kila wiki. Zikiwa zake, mauzo utasimuliwa tu, na mkataba ukivunjika ataondoka na wateja.

Kama kupima kilo, kutia nguo alama na kutenganisha rangi bado kumo kichwani mwako tu, hujapata cha kukodisha. Fungua tawi.