Begi la kubebea mabuti ya skii ndani ya ndege: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Skii utakodi. Fimbo utakodi, kofia ngumu utakodi, hata suruali ya theluji utapata ya kuazima. Lakini buti lililokuzoea misimu mitatu hulipati kwenye rafu ya mtu. Bitana yake, lile buti laini la ndani, ilipashwa moto ikashika umbo la kifundo chako. Gamba la plastiki fundi alilitanua pale penye mfupa wako unaouma. Ndiyo maana yangu huingia nayo mkononi, vingine vyote viende chini kwenye shehena vikitaka.

Nilifika kwenye msimamo huu kwa maumivu. Safari moja nilichekisha begi lenye mabuti, likabaki njiani siku mbili. Nikakodi. Mabuti niliyopewa yalikuwa bado na unyevu wa mtu wa jana. Saizi kwenye karatasi ilikuwa yangu kabisa, ila kisigino kilipanda na kushuka kila nilipokata kona, na kabla ya saa sita mchana kucha za vidole gumba zilikuwa zimeanza kuiva. Fidia ya mzigo uliochelewa ipo. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa safari za ndege za kimataifa, unaweka kikomo chake, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni vipimo 1,519 vya SDR, ile sarafu ya kihesabu ya IMF, kwa kila abiria. Dai la ucheleweshaji unalipeleka kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu upate mzigo wako. Dai la kuharibika ni ndani ya siku 7. Ni haki yako, idai. Ila pesa hiyo hainunui siku mbili za theluji zilizokwisha kupita.

Basi swali ni begi gani. Na hapa wengi hukosea kwa sababu wanasoma lita. Getini hakuna anayepima lita; wanapima urefu, upana na unene, na wengine uzito. Kabla ya kununua chochote, weka mabuti yako sakafuni na uchukue utepe wa kupimia.

Yangu ni saizi 27.5. Namba hiyo ni sentimita za mguu. Pembeni mwa kisigino pameandikwa 315 mm, urefu wa nyayo yenyewe. Nikiyasimamisha bega kwa bega, nikayafunga bizimu zote, yanakula upana wa sentimita 24 hivi, maana shingo ya buti na vile vyuma vya bizimu vimetokeza. Mashirika mengi yanataka begi lisizidi unene wa sentimita 20 hadi 25. Hapo ndipo mabegi mengi yanapofeli.

Sasa yalaze ubavu. La kwanza liangalie huku, la pili ligeuze kichwa chini, kidole cha hili kiingie kwenye pembe ya lile, kama vidole viwili vilivyopindwa vikanasana. Yangu yanakuwa bapa la takriban sentimita 50 kwa 35, na unene unashuka hadi 13 au 14. Nusu ya unene wa begi imerudi mikononi mwangu. Mpangilio huu ndio ninaoupimia kila begi, na mabuti yenye shingo pana sana yatahitaji kusogezwasogezwa kidogo kabla hayajakaa.

Uzito nao uuhesabu mapema. Mabuti ya kawaida ya mteremko yana kilo 3.5 hadi 4.5 kwa jozi. Ya kupandia mlima ni mepesi zaidi, mara nyingi chini ya kilo 3. Ya ubao wa theluji ni laini na mepesi lakini yamevimba. Ya skii za nyika hayana shida yoyote, yatupie kwenye begi lolote uendelee na maisha.

La kwanza: begi la mgongoni la lita 40 linalofunguka kama sanduku

Hili ndilo ningekununulia kama ungenipa hela na kuniachia uamuzi. Halikutengenezwa kwa ajili ya skii kabisa. Ni yale mabegi ya safari yenye umbo la mstatili, zipu inayozunguka pande tatu, na mikanda ya mgongoni inayoweza kufichwa ndani. Osprey Farpoint 40 ni mfano unaojulikana sana, na kampuni nyingi zina la kwao.

Sababu ya kuliweka juu ni ile zipu. Begi linalofunguka juu tu, mtindo wa gunia, linakulazimisha kuyashindilia mabuti yakiwa yamesimama, na buti la plastiki halishindiliki. Linalofunguka wazi linakuruhusu kulaza lile bapa, kisha kujaza mianya. Kuta zake ni za kitambaa, kwa hiyo likichomoza sentimita moja kwenye kile kipimo cha chuma cha getini, unalisukuma kwa goti na linaingia. Lenyewe lina kilo moja na nusu hivi. Na ukifika unatembea nalo siku nyingine zote za mwaka, jambo ambalo begi la mabuti haliwezi kusema.

Kasoro yake ni maji. Siku ya kurudi mabuti yana theluji iliyoyeyuka, na kitambaa cha ndani kitalowa pamoja na nguo zako. Nunua mfuko mmoja wa turubai laini wenye mdomo wa kukunja, uyaingize humo kwanza. Pia usichukue lenye mfuko mnene wa kompyuta mgongoni kama hutautumia. Unakula sentimita tatu za unene bure.

La pili: mfuko mwembamba wa mabuti tu

Huu ni ule wa lita 30 hadi 40 uliokatwa kufuata umbo la buti, mpana chini na mwembamba juu, wenye chini ya turubai na matundu madogo ya kutolea maji. Kwa mtu anayechekisha skii na nguo zake zote na kubaki na mabuti tu mkononi, huu unaweza hata kulipita la kwanza. Mabuti yanakaa kila moja kwenye chumba chake, maji yanashuka chini, na hakuna kitu kingine cha kulowana.

Nauweka wa pili kwa sababu ya ule upana. Mifuko mingi ya aina hii inayaweka mabuti bega kwa bega, kwa hiyo unarudi kwenye zile sentimita 24, na nimeona wauzaji wakiandika kuwa unafaa kwa ndege bila kutaja vipimo vyake ukiwa umejaa. Omba upime dukani ukiwa na mabuti ndani. Kama unanunua mtandaoni, angalia namba ya unene. Usipoiona, achana nao.

La tatu: begi kubwa la mabuti, lita 50 na zaidi

Linapendwa sana, na naelewa kwa nini. Lina mahali pa kofia ngumu, mifuko ya pembeni ya mabuti, zulia dogo la kusimama ukibadilisha viatu, kila kitu na pahala pake. Kutoka garini hadi kwenye lifti ya mlimani ni begi bora kuliko yote niliyotaja. Kwa ndege ndipo tunapoachana. Likijaa linavuka kipimo karibu kila upande, na kulipitisha kunategemea kama mhudumu wa getini ana haraka. Siwezi kumshauri mtu aweke mabuti yake rehani kwa bahati ya namna hiyo.

Lina kazi nyingine halali. American, Delta na United huhesabu begi la skii pamoja na begi la mabuti kama mzigo mmoja wa kuchekiwa. Ukisafiri na hao, begi hili kubwa linashuka chini pamoja na skii likibeba kofia, nguo na vifaa, huku mabuti yenyewe ukiwa nayo juu. Soma tu masharti, maana ndani ya begi la mabuti wengine hawataki kuona kitu kisicho cha skii.

La nne: sanduku la magurudumu

Hesabu inalimaliza. Sanduku gumu la mkononi tupu lina kilo 2.5 hadi 3.5. Ongeza mabuti ya kilo 4. Lufthansa wanaruhusu kilo 8 daraja la kawaida, Emirates kilo 7. Umeshakaribia kikomo, au cha Emirates umeshakipita, kabla hujaweka soksi. Zaidi ya hapo, sanduku linagawanyika katikati, nusu kwa nusu, na kila nusu ni nyembamba kuliko buti. Unaishia kutumia upande mmoja na kuukandamiza mwingine. Na magurudumu yale kwenye barabara yenye theluji hayazunguki, yanalima.

Ukipanda ndege ya shirika lenye kikomo kikubwa, mambo hulegea. British Airways wanakubali begi la mkononi la hadi kilo 23, mradi uweze kulinyanyua mwenyewe hadi kwenye kabati la juu. easyJet kwa begi kubwa la kabini ni kilo 15. Ryanair kwa walionunua kipaumbele ni kilo 10. Kama mgongo wako haukuruhusu kubeba, basi sanduku la kitambaa lenye magurudumu mawili, si manne, ndilo nitakalolitetea. Mawili hukaa ndani ya fremu na hayaibi urefu.

La mwisho: mkanda wa kuyaning'iniza

Mkanda unaoyashika mabuti kwa bizimu na kuyaacha yaning'inie begani, au kuyafunga nje ya begi. Ni rahisi, mwepesi, na kwa kutoka hotelini hadi mlimani unafaa kabisa. Kwenye ndege, mabuti yaliyo nje ni kipande cha pili cha mzigo machoni pa wengi, na kwenye kabati la juu yatamwangukia mtu. Na wale wanaoyavaa kabisa miguuni ili wapite: kiatu kile hakipindi, ngazi za ndege ni nyembamba, na ukitakiwa kutoka kwa dharura utakuwa kizuizi kwa walio nyuma yako. Tafadhali usifanye.

Vinavyoingia pamoja na mabuti ni habari ya kutazama kwa makini, maana begi zuri linaweza kukwama kwenye mashine kwa sababu ya kitu kidogo. Fimbo za skii haziruhusiwi kabini. Usijaribu hata zile za kukunja. Nta ngumu ya kupaka skii inapita, ya maji na mafuta ya jua yafuate kile kikomo cha vimiminika cha mililita 100, ingawa viwanja vichache vimeanza kulegeza. Bisibisi ndogo huwa inapita Marekani ikiwa chini ya inchi 7, lakini kifaa chenye kisu hakipiti.

Betri ndizo kinyume chake. Za soksi za umeme, za glavu, za kupashia buti: za akiba zote zinatakiwa ziwe juu nawe, marufuku kuziacha kwenye mzigo wa chini. Chini ya wati-saa 100 huhitaji kibali, na za mabuti ni ndogo kuliko hapo kwa mbali. Chomoa waya, funika ncha kwa utepe, ziweke mfuko wa mbele. Ukilazimishwa kulitoa begi getini liende chini, kumbuka kuzichomoa kwanza.

Begi la puto la maporomoko ya theluji, lile linalovimba ili usizikwe theluji ikiporomoka, ni kesi yake. Kanuni za kimataifa zinaruhusu moja kwa abiria, kwa kibali cha shirika ulichokiomba kabla. Marekani mtungi uliojaa gesi, ule unaolijaza puto, haupiti kabisa, si juu wala chini. Yale ya umeme yameondoa mzozo wa mtungi, na kama unapanda ndege mara kwa mara ningechagua hayo.

Namna ninavyofunga, usiku wa kuamkia safari: soksi na fulana za ndani zinaingia ndani ya mabuti mpaka yajae, kisha bizimu nazifunga tundu la kwanza tu, plastiki isipoteze umbo. Mabuti yanalazwa, moja kichwa chini. Miwani ya theluji ndani ya kofia, kofia naifunga nje ya begi dogo la pili ambalo huwekwa chini ya kiti. Glavu zinaziba mianya. Koti zito navaa. Zipu ikifungwa bila kushikiliwa na mtu wa pili, nasimamisha begi ukutani, napima unene kwa mara ya mwisho kwa ule utepe, kisha utepe wenyewe nautia mfuko wa pembeni. Safari ya kurudi nitauhitaji tena, na bitana zilizolowa zinataka kukaushwa kwanza. Usiku wa mwisho nazitoa kwenye magamba, nazisimamisha mbali kidogo na kipasha joto hadi asubuhi, na kuzirudisha ndani kabla hazijapoa kabisa, zikiwa bado zinapindika.