Uzoefu wangu wa hija ya makanisa saba ya Ufunuo nchini Uturuki

Mahujaji wengi wa kwetu wakijaliwa nauli huelekea Yerusalemu na Bethlehemu, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, baada ya kuzunguka magharibi mwa Uturuki pamoja na kundi la Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki kutoka Dar es Salaam, ningemshauri kila apendaye kusoma Nyaraka na Kitabu cha Ufunuo aifikirie pia njia hii. Miji yote saba aliyoiandikia Yohana akiwa kisiwani Patmo inajulikana ilipo, na barua ya kila mji husomeka kwa uzito mwingine pale unapokuwa umesimama juu ya mawe yake.

Safari tuliinunua kwa wakala mmoja wa jijini. Bei ilijumuisha tiketi ya ndege hadi Istanbul, ndege ya ndani kwenda Izmir, hoteli zenye kifungua kinywa na chakula cha jioni, basi, viingilio vya magofu na mwongoza watalii mwenye leseni, ilhali chakula cha mchana kila mtu alijilipia. Hoteli zilikuwa safi na basi lilifika kwa wakati. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni huyo mwongozaji, Mwislamu mwenyeji wa Izmir, ambaye Matendo ya Mitume anayafahamu sura kwa sura, na ambaye kila tulipofika mahali alitutenganishia waziwazi yaliyothibitishwa na wachimbaji wa mambo ya kale na yale yanayoshikwa kwa mapokeo ya waumini. Hujaji anastahili kuelezwa hivyo, kwa maana imani haihitaji kusaidiwa kwa habari zisizo na uhakika.

Efeso ndipo penye watu wengi zaidi. Karibu kila mgeni hupiga picha mbele ya maktaba ya Celsus, lakini jengo hilo ni la mwanzoni mwa karne ya 2, kwa hiyo Paulo hakuliona. Anayemtafuta Paulo aende kwenye ukumbi mkubwa wa michezo, unaokadiriwa kuwa uliweza kuchukua watu 25,000, ambako Demetrio mfua fedha na wenzake waliuchochea umati ukapiga kelele kwa muda wa saa mbili kwamba Artemi wa Waefeso, mungu wao wa kike, ni mkuu, huku wanafunzi wakimzuia Paulo asiingie. Nilipanda hadi safu za juu. Kutoka huko unaiona barabara ya mawe iliyonyooka kuelekea bandarini, ila bandari yenyewe haipo: mto uliijaza tope karne kwa karne, na leo bahari iko kilomita kadhaa mbali, nyuma ya mashamba. Hekalu la Artemi, lililohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale, limebakiza nguzo moja iliyounganishwa upya, imesimama katika kibwawa chenye bata. Mchungaji wetu alisoma pale barua kwa Efeso, penye onyo la kinara cha taa kuondolewa mahali pake, na hakuona haja ya kuongeza mahubiri.

Ndugu zetu Wakatoliki walitamani zaidi kanisa la Maria, linalohusishwa na Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 431 uliothibitisha Bikira Maria kuitwa Mama wa Mungu, pamoja na nyumba ndogo ya mawe mlimani inayosemekana ndiko alikoishi. Nyumba hiyo ilitambuliwa mwaka 1891 kwa kufuata maono ya mtawa wa Kijerumani, Anne Catherine Emmerich, na Kanisa halijatamka rasmi kuhusu uhalisi wake, ingawa mapapa Paulo VI, Yohane Paulo II na Benedikto XVI wote walifika kusali. Wanawake wa Kiislamu nao walikuwa wamesimama kwenye foleni pamoja nasi, kwa heshima waliyo nayo kwa Maryamu.

Laodikia, karibu na Denizli, ndiyo iliyonipa zaidi ya nilichotarajia. Barua yake inawakemea waumini wa huko kwamba si baridi wala moto bali vuguvugu, hata Bwana atawatapika, na toka utotoni nilisikia ikihubiriwa kwamba moto ni bidii ya kiroho, baridi ni kupoa kwa imani, na uvuguvugu ni kuwa katikati. Ukisimama juu ya magofu yale unaona, ng'ambo ya bonde, miamba myeupe ya Hierapoli, panapoitwa leo Pamukkale, ambako maji ya moto hububujika na watu wa kale waliyafuata kwa ajili ya tiba. Upande mwingine, chini ya mlima, ndiko ilikokuwa Kolosai, yenye vijito vya maji baridi. Laodikia ilikuwa katikati na ililetewa maji yake kwa mabomba kutoka kusini. Mwongozaji alitupeleka kwenye mnara wa kugawia maji, akatuonyesha bomba la udongo lililonaswa ukutani: chokaa imejijenga ndani yake tabaka juu ya tabaka, nyeupe na ngumu, hata tundu lililobaki halizidi upana wa vidole viwili. Kumbe maji ya moto yana kazi yake, na ya baridi yana kazi yake, bali yale ya vuguvugu yenye chokaa humfanya mnywaji atapike. Wapo wafafanuzi wasioikubali tafsiri hii, lakini mimi imenisaidia kuelewa ni kwa nini Bwana anasema ingekuwa heri wangekuwa baridi au moto.

Maji yalikuwa shida ya kweli katika mji huo, kwani kuna sheria iliyochongwa kwenye marumaru mnamo mwaka 114, inayoweka faini nzito kwa anayeyachafua au kuyachepusha. Fedha, kwa upande mwingine, haikuwa shida. Tetemeko lilipouangusha mji mwaka 60, mwanahistoria Tacitus anaandika kwamba wenyeji waliujenga upya kwa mali yao wenyewe bila msaada wa Roma, na ndiyo sauti ileile tunayoisikia katika Ufunuo 3:17, "Mimi ni tajiri." Pale pale limefukuliwa kanisa la karne ya 4, likiwa na sakafu ya mozaiki, na mgeni hulipitia juu ya njia za vioo.

Sardi nayo inafaa kupewa muda. Ngome yake ilidhaniwa haipandiki, lakini ilitekwa kwa kushtukizwa, kwanza na mfalme Koreshi wa Uajemi na baadaye na mfalme Antioko III, jambo linaloifanya amri ya kukesha iliyo katika barua ya mji huo iwe na historia nyuma yake. Pergamo ina mlima wenye magari ya kuning'inia kwenye waya kwa wasioweza kupanda. Madhabahu ya Zeu, mungu wa Wagiriki, ambayo wengine huihusisha na kiti cha enzi cha Shetani kinachotajwa katika barua ya Pergamo, ilihamishiwa Berlin, na hapa imebaki misingi na miti michache.

Upungufu mkubwa ulikuwa katika ugawaji wa muda. Thiatira, mji wa Lidia muuza rangi ya zambarau, ulipo leo Akhisar, na Filadelfia, yaani Alaşehir, tulizipitia mbiombio, wakati siku hiyohiyo tulipelekwa kwenye duka la nguo za ngozi ambalo halikuwamo katika ratiba tuliyopewa, tukakaa humo muda mrefu kuliko tuliokaa Thiatira. Mama mmoja mzee aliyekuwa ameandaa wimbo wa kuimba kwenye nguzo za kanisa la Filadelfia, kwa ajili ya ahadi ya kufanywa nguzo katika hekalu la Mungu iliyo katika barua ya mji huo, alirudishwa kwenye basi kabla hajaanza. Jambo hilo liliniumiza, na nilimwandikia wakala kumweleza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, dai ratiba ya maandishi inayoonyesha saa za kila mji, na uulize iwapo kuna vituo vya madukani. Nenda Aprili au Oktoba, maana kiangazi cha huko kina jua kali na magofu hayana vivuli. Vaa viatu visivyoteleza kwa ajili ya marumaru ya Efeso, na uchukue Biblia ya karatasi yenye maandishi makubwa, kwa kuwa skrini ya simu haisomeki vizuri katika mwanga ule.