Kifaa cha kuzuia kukoroma kutoka kwa daktari wa meno: miezi saba mdomoni mwangu

Ramadhani ya mwaka juzi mke wangu alihama chumba akaenda kulala na binti zetu. Hakugomba. Alichukua mto wake na ile feni ndogo, akaniambia, "Baba Salma, mimi nataka niamke daku na kichwa kizima." Tunakaa Likoni, nyumba za kushikana kuta, na jirani wa upande wa pili alishawahi kuniuliza, kwa adabu zake zote, kama tumenunua jenereta.

Nikacheka tu. Kwetu mtu akikoroma husemwa kachoka, mwacheni apumzike. Kilichonitia haya ni Ijumaa moja, khutuba inaendelea, kijana aliyekaa kando yangu akanigusa goti. Nilikuwa nimeegemea nguzo, nakoroma. Ikabidi niinuke nikatawadhe upya mbele za watu. Tena kazi yangu ni ukarani wa kuhesabu mizigo, na tarakimu zilianza kuniruka. Kwenye feri ya alfajiri nilikuwa nikilala wima, naamshwa na mlango wa chuma ukigonga zege upande wa kisiwani.

Aliyenifungua macho ni daktari wangu wa presha. Nameza dawa mbili na presha haishuki. Akaniuliza kama nakoroma. Kabla sijajibu akamgeukia mke wangu. Naye akasema: "Hukoroma, kisha huwa kimya. Nami nahesabu. Nikifika thelathini namsukuma."

Basi nikaelezwa. Ukilala, misuli ya koo hulegea na ulimi hurudi nyuma. Njia ikibana, hewa hupita kwa nguvu na kutikisa kaakaa laini na kimio. Mtikisiko huo ndio mkoromo. Njia ikijiziba na pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, hiyo sasa ndiyo apnea. Ubongo hushtuka, unavuta pumzi kama mtu aliyezuka majini, kisha unalala tena, na asubuhi hukumbuki chochote ila kinywa kikavu na kichwa kizito.

Nilipewa kipimo nikalale nacho nyumbani usiku mmoja: mkanda kifuani, mrija puani, kidude chenye taa nyekundu kidoleni. Majibu: pumzi yangu ilikatika au kupungua mara 22 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ni ya wastani, kutoka 30 kwenda juu ni kali. Nilijaribishwa kwanza mashine ya kupuliza hewa, ile iliyobuniwa na Colin Sullivan kule Australia, maelezo yake yakachapishwa mwaka 1981. Siitukani, mwenye hali kali ndiyo anayoanzishwa. Lakini barakoa ile kwa joto la Mombasa, jasho linateremka shingoni, halafu stima inapotea saa nane za usiku! Wiki moja nikairudisha.

Hapo ndipo nikatumwa kwa daktari wa meno, anitengenezee kifaa cha kuvaa mdomoni. Kabla yake nilishafanya ujinga wangu: niliagiza mtandaoni kifaa cha kuchovya maji ya moto na kuuma. Usiku wa tatu kilinitoka mdomoni, asubuhi nikakikuta chini ya kitanda kimejaa sisimizi.

Kliniki yenyewe iko kisiwani, juu ya duka la dawa. Kilichonipendeza ni kwamba daktari alikataa kunipima kinywa kabla hajasoma majibu ya usingizi. Mkoromo wa kawaida na apnea ukivisikia ni kelele moja, alisema, na ukizima kelele bila kupima unaweza kuficha ugonjwa. Akahesabu meno, akakuta fizi zangu zatoka damu, akanitibu fizi kwanza, maana kifaa hushika kwenye meno na meno yanayolegea hayakibebi. Kisha akaniambia nisukume taya ya chini mbele hadi mwisho wa uwezo wangu, akapima, akasema tutaanzia nusu yake na kidogo zaidi. Nikang'ata sahani ya kuchukua umbo la meno, iliyojaa kitu kama uji mzito wa rangi ya waridi, harufu ya mnanaa. Nusura nitapike.

Kifaa ni vipande viwili vya plastiki ngumu, cha juu na cha chini, na pembeni vijiti viwili vya chuma vinavyoivuta taya ya chini mbele, pamoja na ulimi wake. Kuna kifunguo kidogo mno cha kusogeza taya taratibu, usiku hadi usiku. Mke wangu ndiye fundi. Macho yangu hayakioni kile kitundu.

Lawama sasa. Niliambiwa wiki mbili, nikangoja tano, kila nikipiga simu ni "kesho, mzee." Bei ilikuwa kama kodi yangu ya miezi mitatu, bila mchanganuo, na bima ya kazini ikakataa kulipa. La tatu ndilo lililoniudhi zaidi: hakuna aliyenionya kuhusu asubuhi. Siku ya kwanza nilikaa na mahamri na mbaazi, meno ya juu na ya chini hayakutani, natafuna kama nimeazima kinywa cha mtu. Niliporudi kulalamika ndipo nikapewa kibao kidogo cha kuuma robo saa nikiamka, na taya hurudi mahali pake. Nikaambiwa pia kwamba kwa miaka meno yanaweza kuhama kidogo, kwa hiyo nirudi kukaguliwa kila miezi sita. Maneno hayo yalistahili kuja kabla ya risiti. Udenda uliolowesha mto uliisha baada ya wiki mbili hivi.

Mwezi wa tatu nikalala na kipimo tena, kifaa kikiwa mdomoni: 7 kwa saa. Si sufuri. Nikilala chali bado nakoroma kidogo, na kitambi changu hakijasaidia. Presha imeteremka kidogo, dawa ni zile zile. Ila feri naivuka nikiwa macho, na ile feni ndogo imerudi chumbani kwetu na mwenyewe.

Kliniki naipa nyota nne. Ya tano niliitoa kwenye benchi lao, wiki ya tano ya kungoja. Kifaa kioshe kwa maji baridi na mswaki laini, ya moto hukipinda. Na ukienda nenda asubuhi. Kuanzia adhuhuri ngazi imejaa watu na lifti haijafanya kazi tangu niijue.